Gari la wagonjwa likiondoka Hadado, nani anabaki zamu?

Tuseme ni saa tatu usiku katika kituo cha afya cha Hadado, Wajir Magharibi. Mama aliyejifungua salama nusu saa iliyopita bado anavuja damu. Muuguzi wa zamu amemdunga sindano ya kubana mji wa mimba, amemkanda tumbo, amemtundikia maji ya mshipa, na vitambaa vinazidi kulowa. Kuanzia hapo kazi kubwa ya muuguzi ni simu.

Anampigia dereva wa ambulensi na kumuuliza kama tangi lina dizeli. Anapiga hospitali ya rufaa mjini Wajir wafungue chumba cha upasuaji na watafute damu. Anaomba wazee wa familia waitwe, maana mume yuko malishoni na ngamia na hapatikani. Mtandao ukikatika katikati ya mazungumzo, anamtuma kijana wa bodaboda akamwamshe dereva nyumbani kwake.

Mama huyu ni wa mfano tu. Lakini mlolongo huo wa simu anaujua kila aliyewahi kushika zamu katika kituo kidogo cha Kaskazini Mashariki.

Gari likifika, muuguzi anapanda nyuma pamoja na mgonjwa wake, kwani mara nyingi hakuna mhudumu wa dharura aliyeajiriwa kwa kazi hiyo. Akishapanda, kituo kimebaki bila mtu. Mchungaji aliyeumwa na bafe, mtoto aliyeshikwa na degedege, mjamzito mwingine: atakayebisha hodi usiku huo atakuta mlango umefungwa.

Siasa za afya katika kaunti za Garissa, Wajir na Mandera zimezoea kuhesabu magari. Mheshimiwa hukata utepe, ambulensi hupangwa safu zikimetameta, picha hupigwa. Suala la nani amebaki kituoni gari likiwa njiani, na amebaki na vifaa gani, halina utepe wa kukatwa. Ndiyo maana haliulizwi sana.

Upana wa nchi

Hadado ni mji mdogo wa wafugaji katika wadi ya Hadado/Athibohol, magharibi ya mji wa Wajir. Ni nchi ya migunga, mchanga na mabwawa ya maji ambayo wenyeji huyaita silanga, na njia zake kiangazi ni vumbi, mvua za Gu na Deyr zikifika ni matope. Lami ya barabara kuu ya Isiolo hadi Mandera, mradi uliopata fedha za Benki ya Dunia mwaka 2020, inabadilisha maisha ya miji iliyo kando yake. Vijiji vilivyo mbali na barabara hiyo bado husubiri udongo ukauke.

Sensa ya 2019 ilihesabu watu 781,263 katika Kaunti ya Wajir, waliotawanyika katika eneo la zaidi ya kilomita za mraba 55,000. Rwanda na Burundi zikiunganishwa hazilijazi eneo hilo. Garissa ilikuwa na watu 841,353 na Mandera 867,457, na sehemu kubwa yao huhama kufuata maji na malisho, kwa hiyo hata kujua ni zahanati gani iliyo karibu nao mwezi huu ni kazi.

Kwa mpangilio wa Kenya, kituo cha afya kiko ngazi ya tatu: kinazalisha, kinatibu, kinalaza wachache, lakini upasuaji si kazi yake. Juu yake ipo hospitali ya kaunti ndogo, ambayo kwa Wajir Magharibi iko Griftu, kisha hospitali ya rufaa ya kaunti mjini Wajir. Kesi ikiwa nzito kuliko hapo, safari inaendelea Garissa, takriban kilomita 330 kusini, na ikibidi Nairobi, ambako kutoka Garissa ni kilomita nyingine kama 370.

Katika umbali huo ndimo zinamopotea roho za kina mama. Uchambuzi uliotolewa na UNFPA, shirika la Umoja wa Mataifa la idadi ya watu, mwaka 2014, uliotumia takwimu za sensa ya 2009, uliweka vifo vya uzazi vya Mandera kuwa 3,795 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai, na vya Wajir kuwa 1,683. Kaunti 15 pekee zilibeba karibu vifo vyote vya aina hiyo nchini. Mwaka huohuo mke wa Rais wakati huo, Margaret Kenyatta, alizindua kampeni ya Beyond Zero, iliyopeleka kliniki za magurudumu katika kaunti zote 47.

Sensa ya 2019 ilileta picha tofauti, lakini haikuwa ya kujivunia. Kiwango cha taifa kilikuwa 355. Garissa iliongoza nchi kwa 641, huku Nyeri ikiwa na 67.

> Garissa 641, Nyeri 67: mama wa kaunti moja yuko hatarini karibu mara kumi kuliko mwenzake wa kaunti nyingine ya nchi hiyohiyo.

Deni la zamani

Mtu anayetaka kuelewa kwa nini kituo cha Hadado kinahitaji simu nyingi hivyo kuokoa maisha lazima arudi nyuma. Hali ya hatari ilitangazwa katika Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, iliyolijumuisha eneo hili, Desemba 1963, wiki chache tu baada ya bendera ya uhuru kupandishwa, na vita vya Shifta, kati ya serikali na waliotaka kujiunga na Somalia, vikafuata. Waraka nambari 10 wa Bunge wa mwaka 1965 ukaelekeza fedha za maendeleo kwenye maeneo yaliyoonekana yatazaa faida haraka: yenye mvua, reli na mashamba. Kaskazini ikabaki na kambi za polisi na barabara za udongo. Sheria za hali ya hatari ziliondolewa mwaka 1991.

Wadi jirani katika Wajir Magharibi inabeba jina la Wagalla. Februari 10, 1984, wanaume wa ukoo wa Degodia walikusanywa na vikosi vya usalama katika uwanja wa ndege wa hapo. Serikali kwa miaka mingi ilikubali vifo 57. Tume ya ukweli, haki na maridhiano katika ripoti yake ya 2013 ilikadiria karibu elfu moja, na manusura hutaja idadi kubwa zaidi. Miongoni mwa waliotoka na gari kwenda kuokota majeruhi porini alikuwa Annalena Tonelli, mwanamke Mwitaliano aliyekuwa akitibu wagonjwa mjini Wajir. Hiyo nayo ilikuwa huduma ya dharura, na haikutoka serikalini.

Tonelli anakumbukwa pia kwa jambo la kitabibu. Katika miaka ya 1970, kifua kikuu kilipokuwa kikiwashinda madaktari kwa sababu wafugaji hawangeweza kulala wodini mwaka mzima, aliwaruhusu wagonjwa wajenge vibanda vyao vya kuhamahama mjini Wajir, wakae kama manyatta na kumeza dawa mbele ya mhudumu kwa miezi sita. Badala ya kumlazimisha mfugaji afuate hospitali, hospitali ilichukua umbo la maisha yake. Aliuawa Borama, Somaliland, Oktoba 2003, mwaka uleule aliopata tuzo ya Nansen ya shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa.

Damu haingoji

Mwaka 1994 watafiti Sereen Thaddeus na Deborah Maine waligawanya vifo vya uzazi katika ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua kutafuta matibabu, kuchelewa kufika, na kuchelewa kuhudumiwa mtu akishafika. Wakunga na madaktari kote duniani hutumia mgawanyo huo hadi leo. Ambulensi hugusa ule wa kati tu.

Wa kwanza huanzia ndani ya nyumba. Tafiti zilizofanywa Garissa na kaunti jirani zimeonyesha mara kwa mara kwamba wanawake wengi huogopa upasuaji, hawapendi kuzalishwa na mwanamume, na uamuzi wa kusafiri hupitia kwa mume na wazee. Mkunga wa jadi, anayeitwa ummuliso kwa Kisomali, ndiye anayeaminika, na yuko jirani. Kwa mujibu wa utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022, wanawake 89 kati ya kila 100 nchini Kenya walijifungua mikononi mwa mtaalamu. Wajir ilikuwa miongoni mwa kaunti za mkiani, chini ya asilimia 60.

Ukeketaji nao huongeza mzigo. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa mwaka 2006, uliofuatilia zaidi ya wanawake 28,000 katika nchi sita za Afrika, Kenya ikiwemo, ulithibitisha kwamba waliokeketwa wako katika hatari kubwa zaidi ya kupasuliwa na kuvuja damu, hasa kwa aina nzito ya ukeketaji, ile ya kushonwa, ambayo ndiyo iliyozoeleka Kaskazini Mashariki. Mpango wa dharura unaolifumbia macho jambo hilo kwa kuogopa kuudhi wenyeji utakutana nalo tu ndani ya gari.

Kisha kuna suala la muda wenyewe. Mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa mbili. Kutoka Hadado hadi meza ya upasuaji, ukijumlisha kumtafuta dereva, njia ya mchanga na kumwamsha daktari wa ganzi, saa mbili huisha upesi. Hata ambulensi bora, mpya, yenye dereva aliyevaa viatu tayari, haiwezi kushinda hesabu hiyo kila mara.

Kwa hiyo wapo wanaosema vita hivi vipiganwe zaidi pale alipo mama. Wana ushahidi mzuri mkononi. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya jaribio la E-MOTIVE, lililofanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini na kuhusisha wanawake 210,132. Siri yake ilikuwa kifaa cha bei ndogo: shuka la plastiki linalowekwa chini ya mama, lenye mfuko wa kukinga damu na mistari ya kipimo. Badala ya mkunga kukisia kwa macho kwamba damu ni nyingi au kidogo, anasoma mstari. Damu ikifika alama, hatua zote zinaanza kwa mkupuo mmoja: kukanda mji wa mimba, sindano, dawa ya kugandisha damu, maji ya mshipa, kumkagua mama na kuita msaada. Kuvuja damu kwa kiwango cha hatari, upasuaji uliotokana nako na vifo vyake, kwa ujumla vilipungua kwa asilimia 60.

Tatizo la Hadado linaingia hapo kwa njia ambayo mtu wa Nairobi huenda asiifikirie. Oksitosini, sindano ya kwanza ya kuzuia damu, inatakiwa ikae kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Jokofu la sola likiharibika katika joto la Wajir, dawa inabaki na jina lake kwenye chupa lakini nguvu inapungua, na muuguzi anayeidunga hana njia ya kujua. Ipo dawa nyingine, kabetosini isiyoharibiwa na joto, ambayo Shirika la Afya Duniani liliiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019. Hutumika kuzuia damu kabla haijaanza kutoka kwa wingi. Kwa nchi ya jua kali kama hii, jokofu zima la kituo kidogo ni sehemu ya huduma ya dharura kama lilivyo gurudumu la gari.

Habari ya nyoka haitofautiani sana. Shirika la Afya Duniani liliyaweka majeraha ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika mwaka 2017, na Kenya huagiza dawa ya sumu kutoka nje. Mchungaji wa mbuzi anayeumwa alfajiri mbali na mji anahitaji dawa hiyo iwe katika kituo cha karibu. Akianza kusafirishwa kuifuata, sumu inasafiri naye.

Upande wa pili una hoja

Wanaotetea ununuzi wa magari hawakosi la kusema. Mtoto aliyekwama kwenye nyonga hatoki kwa sindano. Mgonjwa wa ajali ya lori, aliyevunjika paja na kuvuja damu ndani, hahitaji shuka la plastiki. Upasuaji na kuongezewa damu ndiyo huduma mbili zinazotenganisha kituo cha kawaida na hospitali kamili ya uzazi wa dharura, na haiwezekani kuzipeleka katika kila mji mdogo: daktari wa upasuaji asiyepata wagonjwa wa kutosha hupoteza mkono wake, na kaunti haina fedha za kumlipa akae bila kazi. Mashine za tiba za kukodi zilizosambazwa kuanzia 2015 katika hospitali 98, zikiwemo mbili kila kaunti, zilifundisha somo hilo kwa gharama kubwa. Mashine ilifika, mtaalamu wake, umeme na maji havikufika nayo kila mahali.

Kwa mantiki hiyo, gari ni lazima. Mabishano ya kweli ni kuhusu kinachozunguka gari.

Katiba ya 2010 imeandika katika Jedwali la Nne kwamba huduma za ambulensi ni kazi ya kaunti, na Kifungu cha 43 kinasema hakuna atakayenyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 ikaenda mbali zaidi: dharura ni pamoja na huduma kabla ya kufika hospitali, kumtuliza mgonjwa hali yake isizidi kuzorota, na kupanga uhamisho wake. Taasisi yenye uwezo ikikataa kutibu inaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni tatu. Lakini kituo kisicho na uwezo hakikatai kitu. Kinakosa tu, na kukosa hakuna faini.

Ndani ya gari lenyewe hali hutofautiana mno. Kaunti moja itaita ambulensi Land Cruiser iliyobandikwa nembo, yenye kitanda kimoja, mtungi wa oksijeni na benchi. Nyingine ina kifaa cha kusaidia kupumua na mhudumu aliyefunzwa kukitumia. Kaunti kadhaa zimechagua kukodi badala ya kununua, kwa mkataba unaomlazimu mwenye magari kuleta pia wafanyakazi na kituo cha kupokea simu, kama ambavyo kampuni ya huduma za dharura ya Msalaba Mwekundu wa Kenya imekuwa ikifanya. Wakosoaji husema kukodi ni ghali. Hata hivyo gari lililonunuliwa kwa shangwe na likasimama juu ya mawe kwa kukosa tairi nalo si rahisi.

Sera ya taifa ya huduma za dharura ya 2020 hadi 2030 inataka yote haya yapangwe: namba ya simu, wahudumu wenye mafunzo, vituo vya kuratibu. Ukiisoma unaona kwamba walioiandika walielewa tatizo. Fedha za kuitekeleza, kwa kuwa kazi ni ya kaunti, zinategemea kikao cha bunge la kaunti ambako mwakilishi wa wadi angependa kurudi nyumbani na gari linaloonekana.

> Kituo kisicho na uwezo hakikatai mgonjwa. Kinakosa tu, na kukosa hakuna faini.

Ndege, redio na bodaboda

Kaskazini imewahi kuona njia nyingine. Mwaka 1957 madaktari watatu wa upasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha huduma ya madaktari warukao iliyokuja kuwa Amref, yenye makao yake uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi. Ndege zake zimebeba wagonjwa kutoka viwanja vya udongo kote Kenya. Baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, Aprili 2, 2015, lililoua watu 148, majeruhi wa hali mbaya walisafirishwa kwa ndege hadi Nairobi.

Lakini ndege ni ya wachache na ya mchana zaidi. Viwanja vya udongo havina taa, na mvua ikinyesha havitumiki. La kujifunza kutoka historia ya huduma hizo ni dogo zaidi ya rubani. Australia ilianza huduma yake ya madaktari wa ndege mwaka 1928, ndege ya kwanza ikiruka kutoka Cloncurry. Mwaka uliofuata mhandisi Alfred Traeger akaja na redio inayotoa umeme kwa kukanyaga pedali, na hapo ndipo shamba lililoko peke yake jangwani lilipoweza kuita. Amref nayo ilijenga mtandao wa redio uliounganisha hospitali za misheni na Nairobi kila siku. Redio ilikuwa nusu ya kazi.

Leo tunadhani simu ya mkononi imemaliza suala hilo. Garissa, Wajir na Mandera zinajua haijamaliza. Wanamgambo wa al-Shabaab wamelipua minara ya mawasiliano mara nyingi katika kaunti hizo, na kila mnara unapoanguka, tarafa nzima hukaa kimya kwa siku au wiki. Kwa kituo kama Hadado, redio ya masafa marefu yenye betri ya sola ingegharimu kiasi kidogo mno ukilinganisha na bei ya ambulensi moja.

Tanzania ina mfano mwingine ulio karibu. Mpango wa m-mama, uliokulia Sengerema na Shinyanga na kuzinduliwa kitaifa na Rais Samia Suluhu Hassan mwaka 2022, unatumia namba ya bure 115. Mratibu anapokea simu, anapima hali ya mama au mtoto, na kama ambulensi haipo karibu anamtuma dereva wa kawaida wa kijijini aliyesajiliwa, ambaye hulipwa kwa simu akishamfikisha mgonjwa. Hakuna anayejadiliana nauli saa nane usiku.

Wajir ina malighafi ya mpango kama huo. Land Cruiser za mizigo, Probox na pikipiki zinajua kila kichaka kati ya Hadado na Griftu. Na Wasomali wana qaaraan, mchango wa ukoo: habari ya mgonjwa ikitua kwenye kundi la WhatsApp, fedha hutoka Eastleigh, hutoka Garissa, hutoka hata Minneapolis, na gari hukodiwa. Kwa kweli kwa familia nyingi hiyo ndiyo ambulensi. Ubaya wake ni kwamba aliye na jamaa wenye mishahara hufika, na asiye nao husubiri. Mratibu mmoja mwenye orodha ya madereva na bajeti ya kuwalipa angeondoa tofauti hiyo.

Usiku si wa kila mtu

Kuna kikwazo ambacho mipango ya Nairobi hukipita haraka. Baada ya shambulio la chuo kikuu, serikali iliweka kafyu Garissa, Wajir, Mandera na Tana River, kuanzia saa kumi na mbili na nusu jioni hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Uchungu wa uzazi haukuzingatia saa hizo. Sehemu za barabara ya Wajir kwenda Mandera magari yamekuwa yakisubiri ulinzi wa polisi, na huko Mandera hata magari ya wagonjwa yamewahi kushambuliwa. Aprili 2019, madaktari wawili wa Cuba walitekwa nyara mjini Mandera wakielekea kazini. Wauguzi wengi waliotoka kaunti nyingine waliomba uhamisho. Kila anayeondoka anaacha zamu ambayo mwenzake ataishika peke yake.

Na mvua haikusahau sehemu yake. Deyr ya mwaka 2023, iliyochochewa na El Niño, ilikata barabara za Garissa, Wajir na Mandera kwa wiki kadhaa. Helikopta na boti zikawa usafiri pekee katika maeneo mengine. Watu walewale walikuwa wametoka kwenye ukame wa misimu mitano mfululizo bila mvua ya kutosha.

Nani atalipa dizeli

Tangu Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, imechukua nafasi ya bima ya zamani ya NHIF. Mmoja wa mifuko yake mitatu ni wa dharura, magonjwa sugu na wagonjwa mahututi, na unakusudiwa kugharamiwa na hazina ya serikali. Katika karatasi, hiyo ni habari njema sana kwa Hadado: mgonjwa wa dharura asiulizwe mchango wake.

Kwa vitendo, mfuko hulipa dai lililowasilishwa kwa mtandao, kuhusu mtu aliyesajiliwa, na hulipa baadaye. Dizeli inatakiwa sasa. Kuhusu usajili, ni hadi Februari 2025 ambapo Rais William Ruto, akiwa mjini Wajir, alitia saini tangazo la kufuta msasa wa ziada ambao wakazi wa kaunti za mpakani walipitia kabla ya kupewa kitambulisho. Mtu aliyesubiri kitambulisho kwa miaka hawezi kuwa amesajiliwa kokote.

Dirisha moja lipo katika Sheria ya Ufadhili wa Uboreshaji wa Vituo ya 2023, inayokiruhusu kituo cha umma kubaki na mapato yake na kuyatumia bila kuyapeleka kwanza makao makuu ya kaunti. Kituo chenye akaunti yake kinaweza kununua dizeli na kumlipa fundi wa jokofu bila kuandika barua tatu. Ila mapato ya kituo cha wafugaji ni madogo, na bila fedha za kuanzia akaunti hiyo itakuwa tupu.

Kama mwandishi wa makala haya angepewa kalamu ya bajeti, angeanza na muuguzi wa pili wa usiku. Kisha posho ya dereva anayelala tayari, kisha jokofu, redio na nyumba ya kusubiri uzazi karibu na hospitali, ambapo mjamzito mwenye dalili za hatari anaweza kukaa wiki mbili za mwisho na mama yake au dada yake. Wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao zaidi ya 100,000 walikabidhiwa vifaa nchini Septemba 2023, ndio wangewatambua wajawazito hao mapema. Gari jipya lingekuja baada ya hapo.

Fedha za kazi hiyo zina mahali zilipoandikwa. Kifungu cha 204 cha Katiba kiliunda Mfuko wa Usawazishaji, asilimia 0.5 ya mapato ya taifa kila mwaka, kwa ajili ya maji, barabara, vituo vya afya na umeme katika maeneo yaliyoachwa nyuma. Wajir, Garissa na Mandera zilikuwa miongoni mwa kaunti 14 za sera ya kwanza ya mfuko huo. Sera ya pili ikatawanya fedha hizo katika maeneo ya kaunti 34, na kesi mahakamani zikachelewesha miradi kwa miaka. Uhai wa mfuko huo ni miaka 20 tangu Agosti 2010. Unaisha 2030, mwaka uleule ambao sera ya taifa ya huduma za dharura nayo inafika ukingoni, isipokuwa zaidi ya nusu ya wabunge na zaidi ya nusu ya wajumbe wa kaunti katika Seneti wakubali kuuongezea muda.